Aliyepata Tiketi kwa Kujaribu Mara Moja

Nchi yenyewe sitaitaja jina. Sheria yake inataka mtu akilitaja jina la nchi awe amesimama, na mimi naandika nikiwa nimekaa kwa sababu ya mgongo. Itoshe kusema kwamba ni nchi ya amani, ina wimbo mrefu wa taifa, na ina reli.

Katika nchi hiyo aliishi mwanamke aitwaye Mwasiti Kapilima, fundi wa miwani. Kibanda chake kilikuwa nyuma ya posta ya makao makuu, na kazi yake ilikuwa kukaza skrubu, kubadili vioo na kuwaeleza watu wazima kwa upole kwamba magazeti hayajapungua wino, ni macho. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na saba. Hakuwahi kugombana na serikali, na serikali haikuwa na habari naye. Uhusiano ulikuwa mzuri pande zote mbili.

Alhamisi moja saa nane mchana simu yake ililia. Alikuwa ni muuguzi Eufrazia, wa hospitali ya mji wa mwisho wa reli, huko magharibi, alikolazwa mama yake Mwasiti, Bi Nyamizi, aliyekuwa amevunjika mguu.

"Mama yako amepona," alisema muuguzi, kwa sauti ya mtu anayetoa rambirambi.

"Amepona? Kabisa?"

"Anatembea kwa gongo. Amepewa ruhusa leo asubuhi. Sasa, Sheria ya Waliopona unaijua?"

Mwasiti hakuijua, kwa hiyo muuguzi akamsomea. Mgonjwa aliyepona sharti achukuliwe na mtoto wake wa kumzaa ndani ya siku mbili, na sharti mgonjwa mwenyewe akiri mbele ya muuguzi kwamba huyo ni mwanawe. Ikishindikana, mgonjwa huandikwa Mtu Asiye na Mwenyewe na kupelekwa Kambi ya Utulivu. Wazee hutunzwa vizuri sana katika kambi hiyo. Tunajua hivyo kwa sababu hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi akalalamika.

"Mwisho ni Jumamosi saa sita mchana," alisema muuguzi. Kisha akapunguza sauti. "Dada, njoo. Gari la kambi ndilo gari pekee la serikali lisilochelewa."

Mwasiti alikuwa mtoto pekee. Alifunga kibanda, akaenda nyumbani nusu akikimbia, huku akiwaza njia. Barabara ya magharibi ilikuwa imefungwa mwaka wa pili huo, ikisubiri kufunguliwa na mgeni rasmi. Ndege ya kwenda huko ilikuwepo, lakini ilikuwa moja, na ilikuwa imekwenda kununuliwa matairi. Ilibaki treni ya Ijumaa saa moja asubuhi.

Tiketi za treni zilikuwa hazipatikani tena dirishani. Dirisha la stesheni lilibakizwa kwa kazi ya kuwaelekeza watu mtandaoni, kwenye mfumo ulioitwa Safari Kidoleni. Wizara ilitangaza kwamba mfumo huo ulifanya kazi kwa asilimia tisini na tisa, takwimu iliyopatikana kwa kuwauliza watu wa wizara. Wananchi nao walikuwa na uzoefu wao. Kuna mwalimu aliyeanza kutafuta tiketi ya kwenda kwenye harusi ya binamu yake, akaacha kutafuta baada ya ndoa yenyewe kuvunjika.

* * *

Mwasiti alikaa kwenye kochi, akafungua Safari Kidoleni kwenye simu, akaandika jina, namba ya kitambulisho, mji wa kutoka na mji wa kwenda. Akathibitisha kwamba yeye si roboti. Akalipa. Akabonyeza kitufe cha mwisho, akaiweka simu mezani na kwenda kuteka maji, maana kila mtu alijua kwamba hapo kiduara huanza kuzunguka, na kwamba kiduara hicho hakipendi kutazamwa.

Ujumbe ukaingia kwenye simu kabla hajafika mlangoni.

*Hongera Mwasiti Kapilima. Behewa la 3, kiti cha 14, dirishani. Tunakutakia safari njema.*

Aliusoma akiwa amesimama. Akavua miwani yake, akaifuta, akausoma tena. Kisha akamwita mumewe, aliyekuwa uani akirekebisha banda la kuku.

"Baba Shani! Hebu njoo uone kitu."

Mumewe, Bwana Selebani, alikuwa karani wa manispaa, mtu aliyeyaona mengi. Aliusoma ujumbe bila kuigusa simu.

"Nani kakutumia?"

"Wenyewe, watu wa treni."

"Umejaribu mara ngapi?"

"Mara moja."

Selebani akakaa kwenye mkono wa kochi. Alimtazama mkewe, na alipoanza kusema, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mama Shani. Tumeoana miaka kumi na tisa. Sitakasirika. Niambie tu, ni nani?"

"Ni nani nini?"

"Huyo wa huko reli."

"Simjui mtu yeyote wa reli!"

"Unapewa kiti cha dirishani na mtu usiyemjua?"

"Mama yangu anachukuliwa Jumamosi, Baba Shani, wewe unaniuliza dirisha!"

Selebani alikuwa akimpenda sana mama mkwe wake, na neno hilo lilimwingia. Akamsaidia kufungasha. Lakini alifungasha kimya, na mara mbili Mwasiti alimwona akiinua simu kuutazama ule ujumbe, kana kwamba chini yake kungeongezeka jina la mwanamume.

* * *

Ijumaa saa kumi na mbili na nusu asubuhi stesheni ilikuwa imejaa watu. Hawakuwa na tiketi. Walikuwa wamekuja kupanga foleni dirishani ili waelekezwe mtandaoni, kwani kuelekezwa kwenyewe kulikuwa na foleni. Mwasiti akapita pembeni yao na begi lake hadi kwenye lango la abiria, ambako mkaguzi alikuwa amekaa akinywa uji.

Alipomwonyesha simu, mkaguzi aliweka kikombe chini. Akaielekeza mashine yake ya kukagulia kwenye tiketi, na mashine ikatoa mlio mzuri, kama wa ndege mdogo. Mkaguzi akaruka nyuma.

"Imefanya nini?"

"Nadhani imekubali," alisema Mwasiti.

"Miaka sita niko langoni hapa, mama. Sijawahi kusikia mlio huo." Akaigeuza mashine, akaitikisa, akaijaribu tena. Ikalia vilevile. Akamwangalia Mwasiti kuanzia viatu hadi mtandio, kisha akanyanyua simu ya mezani na kuzungumza akiwa amefunika mdomo.

Foleni nzima ikawa imegeuka. "Kapata," mtu alinong'ona. "Kapata wapi?" "Eti mtandaoni." Mwanamke aliyekuwa karibu akavuta mkoba wake upande wa pili.

Walikuja wanaume wawili wenye heshima sana, wakambebea Mwasiti begi, na wakampeleka kwenye chumba kilichoandikwa MAZUNGUMZO.

Humo alikuwemo Bwana Ndekeja, Mpelelezi Mkuu wa Wepesi. Idara yake ilikuwa ndogo lakini muhimu. Ilichunguza mambo yote ya serikali yaliyokwenda haraka kupita kiasi. Mwaka uliopita ilikuwa imewanasa watu watatu waliopewa vyeti vya kuzaliwa siku ileile waliyoomba, na mmoja wao alikuwa bado mchanga.

"Karibu, mama. Hukukamatwa," alisema Ndekeja. "Ulijaribu mara ngapi?"

"Mara moja, afande."

Ndekeja akaweka kalamu chini.

"Raia mwema hujaribu mara arobaini, hamsini. Anasinzia, anaamka, anajaribu tena. Mimi mwenyewe nina kaka yangu huko magharibi, sijamwona mwaka wa tano. Mtu anayejaribu mara moja tu, mama, ni mtu aliyejua kwamba itakubali. Ulijuaje?"

"Sikujua. Nilikuwa nakwenda kuteka maji."

"Ulikwenda kuteka maji." Akaandika. "Na maji yalikuwa yanatoka?"

"Yalikuwa yanatoka."

Ndekeja na wale wanaume wawili wakatazamana.

Saa moja ikapita, saa mbili ikapita. Kupitia dirisha Mwasiti aliiona treni bado imesimama. Aliwaza mama yake akiwa amekaa na gongo lake, ameshafunga kanga zake, akitazama mlango. Akajaribu kuwaeleza. Wakamsikiliza kwa huruma, wakaandika kwamba mtuhumiwa ana haraka.

Saa tatu akaletwa mtaalamu wa mitambo, kijana mwenye macho mekundu, ambaye ndiye aliyeusimamia mfumo. Akatoa maelezo yake akitazama sakafu.

"Ni kweli, mkuu. Jana kuanzia saa tisa na dakika kumi hadi saa tisa na dakika kumi na nne, mfumo ulifanya kazi."

"Nani aliuamuru?"

"Hakuna, mkuu. Sisi wote tulikuwa tumeitwa kwenye semina ya huduma kwa wateja. Ofisi ikabaki haina mtu wa kuuzuia."

Ndekeja akamgeukia Mwasiti, na kwa mara ya kwanza kulikuwa na kitu kama heshima machoni pake.

"Kwa hiyo ulijua hata ratiba ya semina."

* * *

Ndipo akaingia Mheshimiwa Lukelelwa, Waziri wa Mwendo, akiwa na wapiga picha na msaidizi wa kubeba hotuba. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti nzuri, na alihutubia hata alipokuwa akiomba kiti.

"Ndugu wananchi," aliwaambia watu watano waliokuwemo, "nimekuja mwenyewe, kwa miguu yangu, kutoka kwenye gari. Wapo wasiotutakia mema, waliosema Safari Kidoleni haifanyi kazi. Leo nauliza, wako wapi? Huyu hapa mama wa kawaida, mama wa hali ya chini, mama asiye na elimu ya kutisha..."

"Mheshimiwa," Ndekeja alimnong'oneza, "tunamchunguza. Hakuna mtu anayeweza kupata tiketi kwa njia halali."

Waziri akafumba mdomo. Ilionekana wazi kwamba mambo mawili yalikuwa yamegongana kichwani mwake. Ikiwa mama huyu ana hatia, basi mfumo haufanyi kazi, naye alikwishaliambia bunge kwamba unafanya. Ikiwa hana hatia, basi mfumo unafanya kazi, na itabidi ielezwe kwa nini kwa miaka sita haujawahi kufanya. Alikaa. Akafikiri kwa muda mrefu kuliko bajeti ya wizara yake ilivyowahi kufikiriwa.

"Atabaki," alisema hatimaye, na uso ukamng'aa. "Kesho tunafanya sherehe uwanjani. Mama huyu atapata tena tiketi, mbele ya umati, bendi ikipiga. Mama, utatia saini hapa, na utapewa fulana."

Mwasiti alikuwa mwanamke mpole, aliyezoea kuwaambia watu mambo mabaya kuhusu macho yao bila kuwaumiza. Lakini ilikuwa saa nne sasa, na kesho saa sita ilikuwa inakuja. Akatazama fulana, akamtazama waziri, akamtazama Ndekeja. Na akagundua kwamba katika chumba hicho kulikuwa na kitu kimoja tu kilichofanya kazi bila kuharibika, nacho kilikuwa shaka.

"Nitatia saini, Mheshimiwa," alisema. "Nasikitika tu kwamba watu watasema nilipata tiketi, ila nikazuiwa kusafiri."

"Nani atasema?"

"Watu. Watauliza nani alinizuia. Nani hakutaka abiria wa Mheshimiwa afike."

Waziri akageuza shingo taratibu, mpaka macho yake yakatua juu ya Bwana Ndekeja.

"Ndekeja," alisema. "Tangu saa ngapi umemshika mama huyu?"

"Tangu saa kumi na mbili na nusu, Mheshimiwa, kwa mujibu wa..."

"Nani kakutuma?"

"Ni kazi yangu, Mheshimiwa."

"Na ulifika hapa upesi hivyo? Dakika chache tu baada ya kupigiwa simu?" Waziri akasimama. "Upesi huo umetoka wapi? Na mama huyu apande treni yake!"

Wale wanaume wawili wenye heshima wakasogea kutoka upande wa Mwasiti hadi upande wa Ndekeja. Mmoja akachukua kalamu yake, akaanza ukurasa mpya. Mwasiti alipokuwa akitoka na begi lake alimsikia akiuliza kwa adabu, "Mkuu, leo asubuhi nyumbani kwako maji yalikuwa yanatoka?" Hakufurahi kuyasikia hayo. Alimkumbuka yule kaka wa magharibi asiyeonwa mwaka wa tano. Lakini hakurudi nyuma.

* * *

Treni ilikuwa inamsubiri. Kanuni iliitaka isiondoke kabla abiria wake wote hawajapanda, na Mwasiti alipopanda behewa la tatu, kondakta alikunja orodha yake na kupuliza filimbi.

Kiti cha kumi na nne kilikuwepo, dirishani, na mfuniko wake wa plastiki wa kiwandani. Viti vingine vyote vilikuwa vitupu. Akafungua mlango wa behewa la pili, na lenyewe lilikuwa tupu. La nne tupu. Harufu ilikuwa ya rangi mpya.

"Wenzangu wako wapi?" alimuuliza kondakta.

"Treni imejaa, mama."

"Mbona sioni mtu?"

"Imejaa kwa viongozi watakaopenda kusafiri. Wakipenda wakakosa kiti, nani atajibu? Mimi?" Kondakta akatazama huku na huku. "Mama, umeshapata. Usianze."

Nje, upande wa pili wa kioo, ile foleni ilikuwa palepale. Mzee mmoja alikuwa amekalia ndoo, ameshika kitambaa cheupe cha msibani. Mwasiti alimwangalia, akamwaza mama yake, kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Alirudi mlangoni, akasukuma komeo na kuufungua kwa mapana yake yote.

"Jamani, njooni! Kuna nafasi! Njooni mpande!"

Watu wote wakamtazama, wakatazama mlango ulio wazi, wakatazama viti vitupu nyuma yake. Hakuna aliyepiga hatua mbele. Mbele ya macho yake, wakarudi nyuma.

"Ile treni ni tupu," alisema mwanamke mwenye mkoba. "Wanataka kutupeleka wapi?"

"Mzee, panda, bado haijaondoka!" Mwasiti alimwita yule wa msibani.

"Mwanangu," alijibu mzee, akiinuka kwenye ndoo na kuishika kifuani kama ngao, "mimi nimezaliwa nchi hii."

Treni ikaanza kusogea. Kondakta akaja kufunga mlango, na Mwasiti akaenda kukaa.

Kiti kilikuwa laini. Mashamba ya mkonge yakapita, kisha vilima, kisha tambarare. Ndipo shaka ikamwingia na yeye. Alifungua simu na kuusoma ule ujumbe tena. Kwa nini yeye? Hivi kweli hamjui mtu yeyote wa reli? Alianza kuwapitia wateja wake mmoja mmoja, labda yuko mmoja aliyemkazia skrubu bila malipo, naye akalipa wema kwa siri. Hakumpata. Jambo hilo halikumtuliza hata kidogo. Kila kituo treni ilipopunguza mwendo, alishika begi lake mapajani, tayari kushushwa.

Hakushushwa. Hilo nalo akaliona si la kawaida.

* * *

Alifika hospitali Jumamosi saa tano na nusu. Gari la Kambi ya Utulivu lilikuwa limeshaegeshwa mlangoni, limeoshwa, injini inanguruma. Mwasiti akapita mbio hadi wodini, na hapo penye benchi la ukutani akamwona mama yake: mdogo kuliko alivyomkumbuka, gongo pembeni, kanga zimefungwa kwenye furushi, na kadi ya kambi imeshaning'inizwa shingoni.

"Mama!"

Bi Nyamizi akainua uso. Uso ukafunguka kwa furaha, mikono ikainuka, kisha ikasimama hewani.

"Umekujaje?"

"Nimekuja na treni, mama. Twende, muda unakwisha."

"Treni ya jana?"

"Ya jana."

"Tiketi ulipata lini?"

"Juzi mchana."

"Wapi?"

"Mtandaoni, mama."

Bi Nyamizi akashusha mikono. Muuguzi Eufrazia alikuwa amefika na fomu yake. Akasoma swali kama lilivyoandikwa: "Je, mgonjwa anakiri kwamba huyu ni mtoto wake?"

Bibi akamtazama Mwasiti kwa makini, sura, mikono, mtandio usiokunjamana.

"Anafanana naye," alisema hatimaye. "Hata sauti. Wamemfanyia kazi nzuri."

"Mama, ni mimi! Mwasiti!"

"Leo redio imesema kuna mtu kapata tiketi mtandaoni. Tumecheka wodi nzima, muulize muuguzi. Mwanangu mimi namjua. Ni fundi miwani, hana mtu. Hawezi kupata tiketi ya kesho yake akaja hapa hana hata vumbi." Akavuta furushi lake karibu. "Wewe umetumwa na nani?"

Dereva wa kambi alikuwa amesimama mlangoni, akitazama saa yake. Muuguzi akamtazama Mwasiti, kalamu juu ya fomu, macho yakimsihi.

Mwasiti akapiga magoti mbele ya benchi. Akashika mikono ya mama yake, iliyokuwa imekaza kama kamba.

"Mama, nisamehe. Niliona aibu kukwambia. Nimenunua kwa mlanguzi, nyuma ya choo cha stesheni. Kaniuzia tiketi ya mtu mwingine, na kiti hakikuwepo. Nimesimama njia nzima karibu na mlango, watu wanapita juu yangu na kuku wao. Mtandio huu nimeazima hapo nje."

Mikono ya Bi Nyamizi ikalegea kidogo.

"Njia nzima?"

"Njia nzima, mama."

"Na miguu?"

"Imevimba. Siisikii."

Machozi yakamjaa bibi machoni. Akavua ile kadi shingoni, akamtupia dereva.

"Andika, muuguzi," alisema. "Huyu ni wangu."

Kisha akamvuta Mwasiti juu ya benchi, akamlaza miguu mapajani pake, na akaanza kuikanda, polepole, huku akiwalaani watu wa reli mmoja baada ya mwingine. Mwasiti akaegemea ukuta, akafumba macho, akaguna pale alipoona panafaa kuguna.